Matanga Yaliyongoja Malipo

Watu wa Kindu hunisifu kwa jambo moja, na kila wanaponisifu natamani ardhi inimeze. Husema: mwalimu yule aliichunga nyumba ya marehemu kaka yake. Kaka alikufa kazini, vita vikaja, kampuni ikafunga milango, ndugu wengine wakatawanyika, lakini mwalimu alibaki na mjane na watoto mpaka haki yao ikatoka. Yote ni kweli. Hakuna aliyeongeza chumvi. Ndiyo sababu siwezi kumkosoa mtu, nabaki nikiitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani na kusema, "Ni Mungu tu." Sina siri ya kufichua hapa. Niliyoyafanya niliyafanya mchana kweupe, mbele za watu, na nikapigiwa vigelegele.

Kaka yangu alifanya kazi bandarini, katika kampuni iliyokuwa na maboti ya mizigo kati ya Kindu na Ubundu. Kazi yake ilikuwa kufunga mapipa ya mawese na magunia ya mchele kwenye kamba ya chuma ya winchi, kisha kumpungia mkono mwenye mashine anyanyue. Alikuwa mtu wa mizaha na sauti kubwa. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimeanza kufundisha shule ya msingi, nakaa kwake, nakula kwake, naye alipenda kuwaambia wageni kwamba mshahara wa mwalimu ni vumbi la chaki, ukipiga chafya umekwisha. Mke wake alikuwa akicheka mpaka machozi yamtoke. Nilimpenda kaka yangu, tena nilimwonea wivu, na hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Siku moja kamba ikakatika. Pipa lilimpiga kifuani. Walimleta nyumbani wamemlaza juu ya ubao, na shemeji yangu, aliyekuwa uani anatwanga sombe, majani ya mihogo, alikuja mbio na mchi ukiwa bado mkononi. Hakulia mara moja. Aliuliza, "Kiatu yake ingine iko wapi?" kana kwamba tukikipata kile kiatu mambo yatarudi sawa. Mtoto mmoja wa jirani akatumwa bandarini kukitafuta, akarudi nacho, na hapo ndipo shemeji alipoanguka chini.

Direkta wa kampuni alikuja msibani na jeneza zuri, mchele na sukari. Alisimama mbele ya umati akasema kampuni haimtupi mtu wake, na kwamba malipo ya kifo, ya mjane na ya watoto, yatafika kabla familia haijatoa matanga. Nadhani yalikuwa maneno ya faraja tu, ya mtu anayetaka kurudi kwenye gari lake jua halijawa kali. Sisi tuliyashika kwa mikono miwili.

Kwa asiyejua mila zetu, nieleze kidogo. Kwetu mjane huvishwa nguo nyeusi siku ya maziko. Hasuki nywele, hakanyagi penye harusi wala ngoma, na hakuna mwanaume anayeruhusiwa kumtamkia neno la ndoa mpaka familia ya mume ikutane, ile, inywe, na kumvua ule weusi. Huko ndiko kutoa matanga. Siku hiyo haipangi yeye. Inapangwa na sisi wenye marehemu, na kawaida haizidi mwaka. Mjane akijivua mwenyewe, watu watasema alikuwa akikitamani kile kifo.

Baada ya maziko wazee walikaa kupanga siku. Baba mdogo, aliyetoka Tunda kwa miguu, alisema tungoje mwaka mmoja, kisha tufanye kwa kidogo tulicho nacho: kuku wawili, mchele, pombe ya kwetu, basi. Hapo nikasimama. Nilikuwa kijana, wa kwanza katika ukoo kumaliza sekondari, na msiba ulikuwa umenipa sauti ambayo sikuwa nayo kaka alipokuwa hai. Nikasema kaka yangu hakuwa mtu wa kuku wawili. Nikasema, "Amekufa kwa kazi. Karamu yake italipwa na jasho yake mwenyewe. Hatutakopa, hatutaomba. Makuta ya kampuni, ile pesa direkta alisema, ikifika, njo tutatoa matanga, na Kindu yote itajua nani alikufa." Wanawake wakapiga vigelegele. Baba mdogo akaniangalia, akapangusa goti lake, akakubali. Shemeji alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wajane wenzake, kichwa chini. Hakuna aliyemwuliza.

Mwaka haujaisha, vita vikafika Kindu. Makao makuu ya kampuni yalikuwa kusini, nasi tukajikuta upande mwingine wa mstari wa mapigano. Maboti yakafungwa ufukweni. Treni ikanyamaza. Makaratasi ya kaka yangu, yaliyokuwa yametumwa kusini wiki chache kabla, yakawa kama yametumwa mwezini. Direkta alipanda ndege ya mwisho, na katika ofisi ya kampuni akabaki karani mmoja, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyelima mpunga katika uwanja waliokuwa wakipangia mapipa.

Nani sasa angesema tutoe matanga? Baba mdogo alikuwa Tunda, na njia ya Tunda ilikuwa na watu wenye bunduki. Maamuzi yote yakaniangukia mimi, na mimi nilikwisha kusema maneno yangu. Mama mzazi wa shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kunijia. Huyo alikuwa Mwislamu, kama nusu ya mtaa wao; binti yake ndiye aliyemfuata mume kanisani alipoolewa. Alikuja asubuhi na kilemba chake cheupe, akakataa kiti, akakaa kizingitini.

"Mwanangu," akaniambia, "kwetu mwanamuke anakaa eda miezi ine na siku kumi. Ikiisha anaoga, anatoka. Mungu hakuandika angojee kampuni."

"Mama, yeye aliingia kwetu. Na kwetu njo hivi."

"Naona kwenu njo hivi. Lakini mwili ni ya mutoto wangu."

Nilimjibu kwa adabu, nikamsindikiza mpaka njiani, na nikarudi nimejaa hasira za mtu anayeambiwa kweli. Niliwaambia rafiki zangu kwamba wakwe wanaanza kutuingilia. Wakasema nina haki. Ndiyo ubaya wa kuwa na rafiki wa umri wako.

Sasa niseme jambo lenyewe, maana hapa watu husifu zaidi na mimi huona aibu zaidi. Miaka ile walimu hatukulipwa. Wazazi walituletea kikombe cha mchele, ndizi mbili, kipande cha sabuni. Kijana wa kiume hakuthubutu kwenda mashambani ng'ambo ya mto, kwa sababu upande huu angeitwa mpelelezi na upande ule vilevile, na wote walikuwa na dawa moja ya wapelelezi. Wanawake ndio waliovuka. Shemeji alivuka kwa mtumbwi kwenda Alunguli na wenzake, alfajiri, na nguo zake nyeusi, na jioni akarudi na mihogo kichwani na majani ya sombe yamefungwa kiunoni. Mara mbili walinyang'anywa kila kitu. Mara moja walirudi bila mmoja wao. Siku ile alipika kama kawaida, akanitengea mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwanaume wa nyumba. Nikala. Sikumbuki kama nilimwuliza ni nani aliyebaki huko.

Kwa hiyo mtu akiniambia nilimchunga, huwa najiuliza ni nani aliyekuwa akimchunga mwenzake. Sahani yangu ilijaa kwa miguu yake. Aliyechungwa ni mimi.

Sokoni kulikuwa na fundi baiskeli, mtu wa Pangi, mjane wa kiume. Vita vilimpa kazi nyingi, kwa maana bila gari wala treni Kindu nzima ilitembea juu ya baiskeli: chumvi, mafuta, wagonjwa, hata maiti. Aliziba matundu kwa vipande vya mpira wa zamani na alizungumza kidogo sana. Niliona kwamba baiskeli ya marehemu kaka, ambayo mtoto mkubwa wa shemeji aliiendesha kwenda kisimani, haikuwa ikikaa mbovu hata siku mbili. Niliona pia kwamba shemeji alipopita pale sokoni alikuwa akipunguza mwendo. Basi. Hakuna zaidi, na Kindu ni mji ambao zaidi ingejulikana.

Mwaka wa tatu wa matanga fundi huyo alikuja kwetu na wazee wawili. Walikuja kwa heshima zote. Hawakutaja ndoa, maana ndoa haitajwi mbele ya nguo nyeusi. Mzee mmoja akauliza tu familia inafikiria kutoa matanga lini. Nikasema tunangoja malipo. Akakohoa, akasema kwamba mgeni wao ana mbuzi mmoja na mchele, na kama familia haitaona vibaya, angependa kusaidia matanga ya mwenzake aliyekufa kazini, kwani naye ni mtu wa kazi.

Mbuzi wakati ule! Watu walikuwa hawajaona nyama ya mbuzi tangu askari wafike. Ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa ni neno moja, na jioni ile ile shemeji angekuwa ameoga na kuvaa kitenge cha rangi. Badala yake damu ilinipanda kichwani. Nikaona kaka yangu anafanyiwa karamu na mtu anayemtaka mkewe, nikaona watu wanacheka, nikasema, "Muzee, sisi si masikini wa kuletewa matanga. Muntu wetu analipiwa na kampuni yake. Mumuambie huyu asante, arudishe mbuzi yake." Fundi mwenyewe alikuwa amekaa pale, mikono yake yenye grisi juu ya magoti. Aliinuka, akaninyooshea mkono, akasema, "Sawa, mwalimu," wakaondoka.

Ndani ya kiburi kile palikuwa na kitu kingine, na sipendi kukitaja, lakini nimekwisha kuanza. Nilikuwa nikijua kwamba akiolewa, mihogo ingeolewa naye.

Kesho yake nilikwenda kwa karani wa kampuni. Nilimkuta ndani ya mpunga wake, suruali imekunjwa. Nikamwuliza, "Kama muke ya marehemu anaolewa tena, haki yake inakuwa namna gani?"

"Inakatika," akasema, bila kuinua mgongo. "Sheria iko vile. Mjane akiolewa, malipo inakatika."

Nikamshukuru. Nililibeba jibu lile mpaka nyumbani kama mtu aliyebahatika kupata nyama. Jioni, shemeji akiwa anapepeta mchele, nikamweleza: wale watu walikuja, nimewajibu, na sheria inasema hivi na hivi, akiolewa, watoto watakosa makuta ya baba yao. Hakuacha kupepeta.

"Ile makuta iko njiani?" aliuliza.

"Iko njiani, shemeji. Vita ikiisha tu."

"Na wewe unasema nifanye namna gani? Wewe njo ulisoma. Miye nitafuata vile utasema."

Hapo tena lilikuwa neno moja. Kuna watu hupewa nafasi moja ya kutenda haki maishani. Mimi nilipewa mbili katika siku mbili. Nikamwambia, "Ungojee kidogo." Akasema, "Aya." Pumba zilikuwa zinaruka usoni pake naye amefumba macho, kwa hiyo sikuona kilichopita humo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga wamesema, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu.

Nilioa mimi mwenyewe mwaka uliofuata. Ndiyo, katika vita. Msichana wa mtaa wa pili, harusi ndogo, ngoma za makopo. Shemeji alipika kila kilicholiwa siku ile, na watu walipoanza kucheza akabaki nyuma ya jiko, kwa kuwa mwenye nguo nyeusi hakanyagi penye harusi. Nilimpelekea soda mwenyewe, tena nikajiona mkarimu. Alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, anatikisa mguu mmoja kufuata ngoma. Aliponiona akauacha. Mke wangu, ambaye ana jicho kuliko mimi, aliniambia usiku ule kwamba jambo hili si zuri. Nikamwambia yeye ni mgeni, ataelewa.

Vita viliisha kwa namna vinavyoisha kwetu, polepole na bila kuaga. Njia ya Tunda ikafunguka. Baba mdogo alikuwa amekwisha kufa. Treni ikarudi, mara moja kwa mwezi au mara moja kwa msimu. Nilianza kuandika kusini. Kampuni ikajibu kwamba inatafuta faili. Kisha kwamba faili imeonekana lakini inakosa cheti. Nikapeleka cheti. Kisha kampuni ikafilisika, ikawa na mtu wa kuuza mali zake, na mtu huyo akawa na naibu, na naibu akahamishwa. Siwezi kuyasimulia yote bila kutukana. Niseme tu kwamba kulikuwa na wajane wengine, na kwamba mmoja baada ya mwingine walikoma kuja kuuliza, kwa sababu ya kuchoka au ya kufa.

Wengine waliolewa. Nilikuwa nikiwaona sokoni na watoto wapya migongoni.

Fundi baiskeli alingoja misimu miwili ya mvua. Kisha akaoa mwanamke wa Kibombo, akarudi kwao Pangi. Hakuninunia hata siku moja. Alipokuja kuniaga alinikuta natengeneza mnyororo, akaninyang'anya kwa upole, akautengeneza yeye. Miaka mingi baadaye habari zikaja kwamba amefariki. Niliifikisha habari hiyo nyumbani kwa shemeji mimi mwenyewe, nikijifanya naitaja kwa kupita tu, kati ya bei ya sukari na habari ya mvua. Nguo nyeusi kamili zilikuwa zimekwisha kuchakaa kitambo; alikuwa amebaki na kitambaa cheusi cha kichwa, alama kwamba matanga bado. Alisimama, akaingia ndani, akakaa huko muda. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa amevaa vile vile alivyovaa, kwa sababu hakuwa na haja ya kubadilisha kitu.

Mwaka jana redio ikatangaza kwamba familia za waliokufa katika kazi za kampuni ile zitalipwa kutokana na mali zake zilizouzwa. Sikuamini. Shemeji naye hakuamini, lakini watoto wake, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto, walitusukuma. Tukaenda kwenye ofisi ya malipo, mimi na yeye, tukiwa wazee wawili juu ya pikipiki mbili. Aliyetupokea alikuwa msichana mwenye kompyuta, mwenye adabu nzuri. Alisema cheti cha ndoa sawa, cheti cha kifo sawa. Kilichobaki ni ushahidi kwamba mama huyu hakuolewa tena.

"Nani anamujua mama vizuri?" aliuliza. "Nani anaweza kuapa?"

Shemeji akanigeukia. "Huyu anajua yote. Njo yeye alinichunga."

Nikainua mkono nikaapa. Mara nyingi nimesikia watu wakiapa uongo mahakamani bila kukosea neno. Mimi niliapa kweli tupu, nikakosea jina langu mwenyewe mpaka msichana akanirekebisha. Alidhani ni uzee.

Kisha nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza zamani. Kama mama angeolewa, ingekuwaje? Akasema, akiwa anaandika, kwamba ni sehemu ya mjane tu ambayo ingesimama, tena kuanzia siku ya ndoa. Ya nyuma angelipwa. Na sehemu ya watoto haiguswi, ile ni yao hata mama aolewe mara saba. Alicheka kidogo. Mimi nilimtazama shemeji. Alikuwa akifunga na kufungua kamba ya mkoba wake. Sijui kama alisikia. Sikuuliza, na huo ndio ugonjwa wangu wa siku zote.

Karani yule wa mpunga nisimlaumu. Alinijibu nilichomwuliza. Mtu anayetaka kujua huuliza mara mbili, akatafuta mwingine akamwuliza tena. Mimi niliuliza mara moja, kwa sababu jibu lilinifaa.

Malipo yaliingia kwa simu. Miaka yote ile nilikuwa nimeyafikiria katika bahasha, na mtu wa tai anayenipa mkono. Kumbe ni mlio mdogo tu, simu ya binti yake juu ya meza, kati ya sahani. Sitaitaja hesabu yake. Ilitosha kumjengea shemeji chumba cha matofali na choo cha maana, au ilitosha karamu. Haikutosha vyote viwili.

Nikaita ukoo. Nikawaambia: tumvue kitambaa leo hii, hapa hapa, kwa maji ya ndoo na sala, na pesa yote tumpe yeye. Vijana wakatazamana. Mjukuu wa baba mdogo, ambaye siku ya maziko alikuwa akinyonya, akasema kwa heshima kubwa, "Baba mukubwa, tulikulia na neno yako. Baba alituambia vile ulisema: karamu yake italipwa na jasho yake, na Kindu yote itajua nani alikufa. Leo jasho imefika. Tutavunja neno yako namna gani?" Wote wakaitikia. Nilijaribu kusema kwamba nilikuwa kijana. Wakacheka, wakasema mwalimu ana unyenyekevu. Nilijipalia makaa mwenyewe, na yalikuwa yamekaa miaka yote hiyo bila kuzimika. Karamu ilihitaji siku nne za maandalizi. Tukamwuliza shemeji, safari hii tulimwuliza, naye akasema, "Fanyeni vile munapanga. Miye nimezoea kungoja, siku ine hainishindi."

Basi tukafanya. Misa asubuhi. Mahema ya turubai, viti vya plastiki, spika kubwa kuliko mlango. Mbuzi, mchele, samaki wa kutoka Lokandu, bia. Watu walikuja ambao hawakuwahi kumjua kaka yangu hata kwa sura, na walikula vizuri, na walisema kweli huyu alikuwa mtu. Wanawake walimwogesha shemeji nyuma ya nyumba, wakamsuka nywele zake nyeupe, wakamvika kitenge cha manjano na kijani. Alipotoka watu wote wakasimama. Alikuwa mzuri, na nilikumbuka kwamba siku alipovishwa weusi alikuwa na umri ambao binti yake wa mwisho anao sasa.

Mila inataka ndugu wa marehemu amfungue mjane kwa mdomo wake. Maneno yenyewe hayatungwi, yapo tangu babu zetu, na asiyeyasema yote hajamfungua. Nikasimama mbele yake. Wakazima muziki. Nikasema:

"Shemeji, leo tunakufungula. Ulimulilia bwana yako, umemaliza. Kuanzia leo hakuna muntu wa kwetu atakuuliza unatoka wapi, unaenda wapi. Nyumba ni yako, njia ni yako. Ukipata mwanaume, olewa. Sisi hatuna neno."

"Niolewe na nani, shemeji?"

Watu waliangua kicheko. Walifikiri ni ule utani wa mashemeji, wakapiga makofi, na mwenye spika akafungulia muziki. Yeye hakuwa anatania. Alisimama pale pale, amenikazia macho, akingoja nimjibu.